Msiba wa Mwimbaji wa Jamaika

Naikumbuka vizuri siku ile, mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimefunga kitambaa cheusi mkononi, na shangazi yangu aliponiona akaniuliza nani amekufa.

Nilikuwa msichana niliyemaliza darasa la saba, niko nyumbani kwetu hapa Maretadu, Mbulu, nalima mahindi na maharage, nakamua ng'ombe, nasubiri maisha yaanze. Kaka yangu Bura alikuwa utingo wa lori lililobeba mazao kwenda Arusha, na kila aliporudi alikuja na jambo jipya. Mara suruali ya bugaluu iliyofagia uwanja mzima mpaka mama akakataa kuifua. Mara viatu vya raizoni, vile vya soli nene, vilivyomwangusha kwenye matope mbele ya watu waliotoka kanisani. Halafu siku moja akaja na gramafoni ya betri, ameiviringisha ndani ya blanketi kama mtoto mchanga, pamoja na santuri chache za waimbaji wa Jamaika.

Ninyi leo mnagusa simu, muziki unatoka. Sisi ilikuwa lazima tupanguse santuri kwa kitambaa laini, tukae kimya, Bura ashushe sindano taratibu, na hakuna aliyeruhusiwa kutembea karibu maana sindano ingeruka. Ilikwaruza kwanza, kisha tarumbeta zikaingia, na gitaa likaanza kukata. Halikupiga pale tulipolitegemea. Lilipiga katikati, pale mguu wako unapokuwa bado hewani, na bila kutaka unajikuta unaruka. Bura alisema hiyo inaitwa ska. Santuri zilizokuwa mpya zaidi zilienda polepole, besi inasikika mpaka tumboni, na hiyo akasema ni rege. Hatukujua zaidi ya hapo, na hatukuona kama tumepungukiwa.

Kati ya waimbaji wale kulikuwa na mmoja tuliyempenda kuliko wote. Alikuwa na sauti nyembamba iliyopanda juu kabisa, halafu ikatetemeka kidogo kabla ya kushuka. Kwenye jalada la santuri alivaa shati lililombana, mwembamba kama vijana wa hapa, anacheka na pengo linaonekana. Tuliimba nyimbo zake kwa kubahatisha maneno. Kiingereza chetu cha shule hakikutusaidia chochote, kwa maana watu wale wana namna yao ya kukisema. Lakini tuliziimba shambani, kisimani, na wakati wa kupura maharage.

Basi Bura akarudi safari moja kutoka Arusha, uso umemshuka. Utingo mwenzake alikuwa amemwambia kwamba yule mwimbaji amekufa. Vijana tukakusanyika nyumbani kwetu. Tukakata mwavuli mbovu wa baba, kila mmoja akafunga kipande cheusi mkononi, tukakubaliana kwamba Jumapili baada ya ibada tutafanya kumbukumbu yake kwenye uwanja wa kupuria. Usidhani tulikuwa tunaigiza. Nililia kweli, mwanangu, na ukinicheka sasa hivi sitakulaumu.

Shangazi Yuliana akaingia uwanjani wakati huo. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mrefu, anaongea polepole, na hakuna mtu katika ukoo wetu aliyethubutu kumkatiza. Alikuwa anatoka hospitali ya Haydom. Alikuwa na desturi ya kwenda huko na kibuyu cha maziwa, akimaliza kumwona ndugu mgonjwa anawagawia na wale wasiokuwa na mtu. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha macho yake yakabaki kwenye kitambaa changu.

Nilipomweleza, hakucheka. Akakaa kwenye kigoda, akauliza maswali ambayo mtu mzima huuliza akipewa habari ya msiba: ni wa ukoo gani, ameacha watoto wangapi, aliugua nini. Sikujua hata moja. Akaomba amsikie. Bura akashusha sindano, shangazi akasikiliza mpaka mwisho, akataka irudiwe, akasikiliza tena.

"Anaimba vizuri," akasema. "Mlieni, anastahili. Na Gidamari je?"

Sasa hapa nikueleze, maana wewe hukumkuta. Mzee Gidamari alikuwa mwimbaji wa Kidatoga kutoka uwanda wa chini ya mlima Hanang. Siku za mnada wa ng'ombe watu waliacha kupatana bei ili wamsikilize. Aliimba sifa za ng'ombe, mmoja mmoja, pembe zake, rangi yake, mwendo wake, alikozaliwa. Sisi watoto wa wakulima wa milimani hatukuelewa neno, ila tulimfuata huku na huku tukimwigiza, na tukirudi nyumbani tuliwaimbia ndama wetu vile vile. Halafu tukakua, ikaja gramafoni, tukamsahau kama mtu anavyosahau nguo ya utotoni.

Shangazi akatuambia kwamba mzee huyo amelazwa Haydom. Alikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi la shingoni, limekuwa kubwa kama ngumi na linambana pumzi. Madaktari walitaka kumpasua. Yeye alikuwa amekataa, anasubiri tu apate nguvu kidogo arudi kwao akafie huko. Ndugu zake walikuwa wamehama na mifugo kufuata majani, habari haijawafikia, kwa hiyo kitandani pake hakuna aliyekuja.

Bura akasema, kwa heshima lakini akiwa amekasirika, kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Shangazi akamgeukia.

"Huyu wa Jamaika hamjui lugha yake, na mnamlilia," akasema. "Gidamari naye hamjui lugha yake, na mliimba nyimbo zake kamasi zikiwatoka. Naona tofauti moja tu. Mmoja wao anahitaji uji."

Akainuka akaenda zake. Sikufungua kile kitambaa, lakini kilianza kuniwasha mkononi.

Kesho yake lori la Bura lilikuwa linapitia Haydom kupakia mzigo. Nikapika uji wa ulezi, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikapanda. Bura alibeba gramafoni yake, kwa sababu hakuwaamini wadogo zetu kuachiwa nayo.

Tulimkuta mzee karibu na dirisha, amejifunika shuka lake mwenyewe juu ya shuka la hospitali, bangili za shaba mkononi, fimbo imesimama kando ya kitanda. Shingo ilikuwa kama ya mtu aliyemeza jiwe likakwama. Kila alipovuta pumzi ilipiga mluzi. Tukamwamkia shikamoo mzee, akaitikia, akauliza sisi ni watoto wa nani. Alizungumza nasi Kiiraqw, lugha yetu, chenye lafudhi ya kwao, na pale kilipomshinda alimalizia kwa Kiswahili. Nilipotaja jina la shangazi akanyoosha mkono kupokea uji.

Alikunywa kidogo kidogo huku akitueleza. Daktari alikuwa amemwambia ukweli: rovu likibaki litamziba pumzi, likitolewa atapona, ila sauti yake huenda isibaki kama ilivyokuwa. Hakumficha. Ndiyo maana yeye akaamua kurudi nyumbani.

"Nitafika zizini nifungue mdomo, itoke sauti ya mtu mwingine," alisema. "Ng'ombe wangu hawatanijua."

Bura akafungua lile blanketi, akaweka gramafoni sakafuni, akashusha sindano. Muuguzi akaja mbio kutukataza, lakini wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamwomba, naye akakubali iwe kwa sauti ya chini.

Mzee Gidamari alifumba macho. Kidole chake kimoja kilianza kucheza juu ya shuka, na nikaona kinapiga pale pale gitaa linapokata, siyo mahali pengine. Wimbo ulipokwisha akauliza mwimbaji anasema nini. Bura akakiri kwamba hajui hasa.

"Ana njaa huyu," akasema mzee. "Amechangamka, lakini ana njaa."

Miaka mingi baadaye mwanangu wa kwanza, aliyesoma Kiingereza mpaka kikakaa, alinisikilizia wimbo ule na kunitafsiria. Ulikuwa wa kijana asiye na pa kulala, anamwomba rafiki yake kona ya chumba. Nilikaa nikamkumbuka mzee Gidamari na kidole chake. Sisi tuliimba wimbo ule kwenye arusi, mwanangu, tukipiga makofi.

Lakini turudi wodini. Mzee akauliza kama mtu huyo amekufa kweli. Tukasema amekufa. Akaielekeza fimbo yake kwenye santuri.

"Nyimbo zake ziko pale. Zangu ziko hapa tu," akasema, na akagusa shingo. "Wanangu wanajua ng'ombe, hawajui nyimbo. Kisu kikikosea kinachukua zote."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anaogopa kufa. Na mimi, msichana ambaye hata nyumbani sikusema mbele ya wageni, nikasikia mdomo wangu unamwambia anifundishe mimi.

Alinitazama kama nimemwomba shamba la urithi. Akasema zile ni nyimbo za wanaume wa Kidatoga, mimi ni binti wa wakulima, nitamwimbia nani. Nikamjibu kwamba nyumbani tuna ng'ombe, nao hawajawahi kuniuliza kabila langu. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumshika mgongo ili apate pumzi. Akiwa bado anakohoa, akamwambia yule muuguzi ampelekee daktari ujumbe: amekubali kupasuliwa, lakini kwanza kuna kazi ya kumaliza.

Nikabaki Haydom, nikilala kwa binamu ya shangazi aliyekuwa na nyumba karibu na soko. Kila saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, nilikuwa mlangoni na uji wangu. Nilidhani nitajifunza haraka kwa kuwa nilikuwa na sikio zuri. Mzee hakutaka sikio. Hakuniruhusu kuimba neno ambalo sijajua maana yake. Kwanza alinieleza ng'ombe yule alikuwa wa nani, alipatikanaje, alikufa lini, na kwa nini watu bado wanamtaja, ndipo akanipa mstari mmoja. Nikiharakisha alinyanyua fimbo.

"Unaulima wimbo," aliniambia siku moja. "Uuchunge. Uache uende, wewe ufuate nyuma."

Bura alipita kila lori lilipokuja. Mwanzoni alikaa tu. Halafu mara moja, bila kufikiri, akaanza kugonga chuma cha kitanda kwa ule mwendo wa ska, katikati, mguu ukiwa hewani. Nilijua atafukuzwa. Mzee akamwambia aache, kisha akafikiri, akamwambia agonge tena. Akasema ndivyo fahali anavyotembea akishuka mteremko, na kwamba huko Jamaika lazima kuna watu waliowahi kuchunga. Wagonjwa wa pembeni wakawa wanaitikia. Mmoja wao, mkulima wa Tumati aliyevunjika mguu, aliimba kwa sauti mbaya kuliko zote na kwa furaha kuliko wote.

Asubuhi ya upasuaji nilikwenda na shangazi Yuliana. Mzee alinitaka niimbe ule wimbo mrefu zaidi tangu mwanzo, peke yangu. Nikauimba. Sikukosea. Akasikiliza hadi mwisho, akavua bangili zake akampa shangazi amshikie.

"Sasa wakikata, wanakata nyama," akasema.

Wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Tulikaa nje kwenye benchi mpaka jua lilipopita utosini. Shangazi alikuwa anazizungusha zile bangili mkononi mwake, moja baada ya nyingine, na mimi nikawa namwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio.

Alitoka salama. Walimkataza kusema kwa siku kadhaa, na yeye aliyekuwa na neno kwa kila mtu akawa anatutazama tu. Mimi nikawa naimba kwa sauti ndogo kando ya kitanda, naye akinisahihisha kwa vidole. Siku waliporuhusu asikie sauti yake, ilitoka nzito, ya chini, yenye mikwaruzo. Akajaribu kupanda juu, haikupanda. Akajaribu tena. Nikaona uso wake unajikunja, na niliogopa kuliko siku ya kisu.

Kisha akaanza upya pale chini alipoweza kufika, na wimbo ulipotaka kupanda akaninyooshea mkono. Nikapanda mimi. Yeye akashika chini, mimi juu, tukaumaliza pamoja. Toka siku hiyo ndivyo tulivyoimba. Na nikuambie, wimbo ule haukuwahi kuwa mzuri kama ulipobebwa na watu wawili.

Ile kumbukumbu ya mwimbaji wa Jamaika, iliyosubiri mpaka mzee apone, tuliifanya baada ya mavuno. Mzee Gidamari alikuja kutoka Hanang na binti yake mkubwa, anatembea kwa fimbo, kovu limekauka shingoni. Watu wa kanisa walikuwepo, Wadatoga waliokuja mnadani walikuwepo. Bura akapiga santuri. Kisha mzee akasimama akasema haiwezekani mwanamume azikwe bila kutajiwa ng'ombe, na kwa kuwa hakuna aliyejua mifugo ya kijana yule, yeye atampa mmoja. Akamwimbia fahali mweusi mwenye paji jeupe, mimi nikashika juu. Shangazi Yuliana, ambaye sikuwahi kumwona akilia, aliinamisha uso wake kwenye khanga.

Ngoja sasa nikuchekeshe. Miezi michache baadaye Bura alirudi kutoka Arusha amebeba santuri mpya, na hakutuonyesha. Aliificha chini ya kitanda mpaka mama alipofagia akaikuta. Kwenye jalada alikuwa yule yule mwimbaji wetu, pengo lake, kicheko chake, na nyimbo alizorekodi baada ya msiba wetu. Hakuwa amekufa hata kidogo. Yule utingo wa Arusha alisikia vibaya. Tulikuwa tumemlilia mtu aliye hai huko mbali, na kidogo tumwache aliye hai hapa karibu afe bila uji.

Tuliona aibu kumwambia mzee, lakini shangazi akatulazimisha twende. Gidamari alisikiliza, akashika kovu lake kwa mkono ili asiliumize, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi mwambieni fahali wake yuko kwangu," akasema. "Aje amchukue."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki, wajukuu zake walimwimbia wenyewe, na watoto wangu wawili walikuwa miongoni mwa walioitikia. Zipo nyimbo zake ambazo wanawe walizipata kutoka kwangu, binti wa Maretadu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo kitandani siku zile.

Sasa ninyi mmenijia. Nasikia mnaandaa siku ya kuwakumbuka waimbaji wa zamani wa ska na rege, mmepata spika kubwa, mnataka niwaambie zilivyopendwa. Ni jambo jema, na nitakuja nikae mbele. Chezeni. Watu wale walistahili kuchezewa, waliimba shida zao kwa namna ambayo mtu aliye mwisho wa dunia aliruka kwa furaha, na hilo si kila mtu anaweza.

Lakini nikuusie, mwanangu. Ukimpenda mwimbaji, usiishie kwenye mdundo. Tafuta anasema nini. Siku hizi hata hiyo simu itakutafsiria, huna udhuru tuliokuwa nao sisi. Ukishajua kwamba alikuwa na njaa wakati anacheka, utamkumbuka kama mtu, siyo kama picha kwenye jalada.

Na kabla hujafunga kitambaa cheusi kwa ajili ya aliye mbali, zunguka kwanza hapa hapa. Yuko mzee kule Tumati aliyepiga besi kwenye bendi ya vijana enzi zetu, macho yake sasa yanamwacha, anakaa nje anaota jua na hakuna anayemuuliza kitu. Yuko mama hapa nyuma ya kanisa aliyetunga nusu ya nyimbo mnazoimba kwenye kwaya, na ninyi mnadhani zilikuja na kitabu. Nendeni kwao wakiwa bado wanaweza kuwakemea. Msiende na simu ya kurekodi peke yake. Nendeni na mdomo ulio tayari kujifunza, kwa sababu mtu anayeondoka hutulia akiona alichonacho kimeshaingia ndani ya mwingine. Na ukikuta sauti yake haipandi tena, usimhurumie. Panda wewe.

Mungu wa babu zetu awabariki. Awape mvua ya kutosha Mbulu na majani ya kutosha Hanang, maziwa yasikauke kwenye vibuyu vyenu, vifua vyenu viwe vipana na shingo zenu ziwe nzima. Azilinde sauti zenu mchana na usiku. Na mtakapozeeka, aje kijana awaulize mliimba nini, akae chini, asiinuke mpaka amejua.